Goti na Sakafu ya Bibie

Jumatatu, 3 Februari

Afande amesema niandike. Afande ni yule dada wa mazoezi ya viungo pale kliniki — mwembamba, sauti ya gwaride. Kila siku niandike goti limeamkaje, limefanya nini, limelalaje. Kama mtoto mchanga! Nikamwambia mkono wangu umezoea penseli ya kuchora mistari sakafuni, si kalamu. Akasema penseli nayo inaandika.

Haya. Goti la kulia. Limeamka limevimba kidogo, upande wa ndani. Kukunja — mpaka nusu, halafu basi. Barafu asubuhi, barafu jioni. Maumivu: yapo.

Walinipasua mwezi wa tisa mwaka jana, wakakata gegedu iliyochanika katikati ya goti. Niliambiwa mwaka mpya utanikuta kazini. Mwaka mpya ulinikuta kitandani, mguu juu ya mto.

Bibie amepita, amechungulia. Eti naandika wosia? Nikamwambia naandika habari za mke mwenza wake. Akacheka. Ndivyo anavyoliita goti langu — mke mwenza — kwa sababu linalala katikati yetu, kwenye mto wake peke yake, na likilia usiku mimi ndiye ninayelibembeleza.

Alhamisi, 6 Februari

Kliniki. Afande alinilaza kwenye kile kitanda cha plastiki kinachonata mgongoni. Kunja. Nyoosha. Kunja. Nyoosha. Akaweka kiganja juu ya goti, akatulia. Eti hapa kuna mkwaruzo. Najua kuna mkwaruzo! Kama punje ya mchanga chini ya kigae. Aliyewahi kubandika kigae juu ya punje anajua — hakikai sawa hata ukibembeleze vipi.

Akaniuliza kazini narudi lini. Wiki ijayo, nikasema. Akaacha kukunja. Kazi ya kupiga magoti? Nikamjibu: kazi yangu. Akaandika kitu chake.

Nimerudi kwa miguu na gongo. Gongo hili nalichukia. Nikikutana na mtu anayenijua nalibana kwapani kama mwavuli.

Jumapili, 9 Februari

Sebule yetu ni saruji tupu. Niseme tu, hakuna anayesoma hapa. Mimi fundi vigae, nimefunika sakafu za watu miaka na miaka — majiko, vyoo, kumbi, ofisi za wakubwa — na mke wangu anafagia saruji inayotoa vumbi kila asubuhi, utadhani inazaa usiku.

Vigae vyake vipo. Alivichagua mwenyewe, rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la chai. Wakati huo binti yetu alikuwa bado anavaa sare za shule, na sasa ni mke wa mtu, ana mimba. Vimepangwa kando ya ukuta, vimefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake redio. Mgeni akija anaweka kikombe hapo, anasifu meza. Bibie hujibu, "Ndiyo, fundi wangu ameitengeneza." Halafu ananitazama!

Leo mdogo wangu alikuja kunijulia hali. Tunafanya kazi pamoja, yeye anakata, mimi nabandika. Akasema, kaka, niache nikuwekee mimi, nikiamka mapema naimaliza kwa siku moja. Nikakataa. Sakafu ya Bibie naiweka mimi, kwa mkono wangu, mtu akiingia kwangu aone mimi ni nani. Bibie akasema basi vikae tu, vimeshazoea kuwa meza. Alisema kwa mzaha. Baadaye nikamsikia anafagia — ule mkwaruzo wa ufagio juu ya saruji. Sikuupenda.

Jumatano, 12 Februari

Kazini! Nimerudi kazini!

Jengo la ofisi, ghorofa ya pili, korido ndefu. Hatuongei tukifanya kazi, mimi na mdogo wangu. Nikiinua kidole analeta kigae kizima. Nikikunja kidole analeta nusu. Nikifuta hewa kwa kiganja, anajua gundi imepungua. Nilivaa pedi zangu za magoti, zimekauka kwa kukaa, nikashuka — la kushoto kwanza, la kulia baadaye, taratibu kama ngamia. Likauma. Nikajikaza.

Harufu ya gundi mbichi. Mwiko wa meno unavyochora ile mistari. Nilikuwa nimesahau kwamba nina furaha. Niliimba! Mdogo wangu akadakia kwa mluzi.

Kuinuka ndiyo ikawa kazi. Nikajifanya natafuta pima maji mpaka alipogeuka, ndipo nikashika ukuta. Na ngazini, tukishuka, likakwama. Ghafla — kama mlango uliowekewa kabari. Halikunjiki, halinyooki. Nikasimama pale nikijifanya nasoma simu. Mdogo wangu akasubiri chini, anatazama viatu vyake. Halafu kitu kikateleza ndani na likafunguka. Akauliza kuna nini. Nikasema ni ujumbe wa binti.

Alhamisi, 13 Februari

Boga. Si goti, boga. Barafu imeyeyuka yote na bado lina moto. Siandiki.

Jumatatu, 17 Februari

Nimekwenda kuchukua pedi zangu kule kwenye jengo. Nilizisahau — au niseme kweli, nilitaka nionekane. Nilipanda polepole, kwa hiyo hawakunisikia.

Ko, ko, ko. Mdogo wangu amechuchumaa koridoni, kwenye vigae vyangu, anagonga kimoja kimoja kwa mpini wa mwiko. Sauti hiyo hata usingizini naijua. Kigae kilichoshiba gundi kinajibu kizito. Chenye uwazi chini yake kinalia kitupu, kama kopo. Vyangu vilikuwa vinalia. Si vyote. Vile vya upande wa kulia, ambako sikuweza kuegemea kwa uzito wangu nikavikandamiza.

Alikuwa anaving'oa. Anakwangua, anapaka upya, anarudisha, taratibu, bila kelele. Na kando yake mwanamume nisiyemjua, amepiga magoti. Amepiga tu, hivi hivi, kama mtu anayekaa kwenye kiti.

Sikuingia. Nikashuka, nikakaa nje juu ya ndoo iliyofudikizwa, nikalia. Mtu mzima na mvi zangu. Mlinzi akauliza kama vumbi limeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo, vumbi.

Ijumaa, 21 Februari

Mdogo wangu ameleta pedi. Ameziosha! Akaziweka juu ya meza ya vigae, kando ya redio. Ya koridoni hakuyagusa, wala mimi. Akasema tu amepata mwenzake wa muda, mpaka nipone. "Wa muda tu, kaka." Alirudia mara mbili.

Nikamuuliza huyo mtu anajua ishara za vidole? Akasema hapana, wanaongea. Nikafurahi kidogo. Upuuzi, lakini nilifurahi.

Bibie alimsindikiza mpaka nje. Walikawia getini.

Jumanne, 4 Machi

Daktari. Aliingiza sindano kando ya goti akavuta maji ya manjano, bomba likajaa, akaleta jingine, nalo likajaa. Bibie alikuwa nje kwenye benchi. Afadhali.

Akaniwekea picha kwenye ubao wenye taa. Kuna kipande cha gegedu kimemeguka, kinazurura ndani ya goti. Kikikaa vibaya, goti linafunga. Anaweza kukitoa — maana yake kunipasua tena. Akasema nitatembea vizuri, nitapanda ngazi, nitacheza na wajukuu. "Lakini kazi ya kupiga magoti, mzee wangu, hiyo uiage." Alisema kwa upole, akinitazama usoni. Sina la kumlaumu.

Nikauliza: nisipopasuliwa? Litakuwa linakwama na kufunguka, mpaka siku likikwama lisifunguke.

Nikauliza: na nikipasuliwa, halafu nikapumzika mwaka mzima, nikafanya mazoezi yote ya Afande? Akatikisa kichwa.

Bibie aliponiuliza nikasema ni maji tu, wameyatoa. Maji tu? Maji tu. Akanishika mkono njia nzima mpaka nyumbani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekaa kibarazani natazama mikono yangu. Haina kasoro. Ukiniamsha usingizini ukanipa mwiko, itabandika kigae gizani na mstari usipinde. Hilo ndilo linaloniuma kuliko goti. Mikono mizima, na haiwezi kufika chini.

Ijumaa, 14 Machi

Binti amekaribia kujifungua. Bibie anakwenda kumwangalia, atakaa huko mpaka mtoto apate nguvu. Amepika, amefua, amepanga dawa zangu dirishani. Hajaondoka na tayari nyumba imepoa.

Ameniachia amri nyingi kumshinda Afande. Nisibebe ndoo ya maji. Nisipande kiti. Barafu. Gongo. Mdogo wangu atakuwa anapita. Halafu, ameshashika begi, akasema, "Nikirudi tuzungumze habari ya lile goti, Fundi. Si maji tu." Nikasema nenda, utachelewa.

Mlangoni akaliinamia goti, akalisemesha: nakuachia mume, mke mwenza, umtunze. Nikacheka sana. Alipopinda kona nikaingia ndani nikafunga mlango.

Jumapili, 16 Machi

Kitanda kikubwa mno. Goti lina mto wake na mto wa Bibie pia. Halijashukuru.

Jumatano, 26 Machi

Mjukuu! Wa kike! Bibie alipiga simu, sauti imekauka kwa kukesha, anacheka na kulia kwa pamoja. Mama mzima, mtoto mzima, ana nywele kichwa kizima. Nikapiga kelele mpaka jirani yangu mshonaji akaja mbio na mkasi mkononi.

Bibie anasema binti atakuja kukaa nasi baadaye, mtoto akishaanza kujikokota. Nikaikata simu, nikageuka, nikaitazama sakafu. Saruji yenye meno. Mtoto akitambaa hapa atachubuka. Magoti mapya kabisa, hayajawahi kugusa chochote.

Nimekaa jioni nzima nikiyawaza magoti hayo. Bibie miaka yote amevumilia, amegeuza mzaha. Huyu hawezi kugeuza mzaha. Na mimi sina korido tena, sina jengo, sina mwenzangu. Nina sebule moja. Moja tu, niiweke kabla goti hili halijafunga moja kwa moja. Baada ya hapo wanipasue, wanikate wanavyotaka.

Jumamosi, 5 Aprili

Goti limetulia. Afande ameshangaa, eti uvimbe umeshuka sana. Nikamwambia nimepumzika. Hajui nalipumzisha kwa kazi ipi.

Bibie anarudi Jumapili ijayo, jioni.

Jumatano, 9 Aprili

Nimejaribu bila kupiga magoti. Inawezekana! Unakalia gunia lililokunjwa, mguu mbaya umenyooka kuelekea kulia, mzuri umekunjwa. Unabandika mbele na kushoto, unajisogeza kinyumenyume kwa makalio. Mafundi wenzangu wangeniona wangekufa kwa kicheko. Wacheke.

Tatizo ni upande. Siku zote fundi anaanzia ukuta wa mbali, anarudi nyuma mpaka mlangoni, anatoka. Kwa mguu huu siwezi, unakanyaga kila nilichobandika. Itabidi nianzie mlangoni niingie ndani, na niache njia ya kutokea kando ya ukuta, safu moja bila vigae. Tunafanya hivyo kwenye nyumba za watu ambao bado wanaishi ndani. Siku ya pili unaijaza hiyo safu, kazi imekwisha. Nimeiacha njia hiyo mara nyingi, sina haja hata ya kupima.

Mdogo wangu amepita jioni. Ameona nimeisogeza redio, akauliza. Nikasema nafuta vumbi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimefumua meza. Vigae vyote vipo, havijavunjika hata kimoja, vimeacha alama yao ukutani. Mshonaji amenisaidia kutoa kabati na viti uani. Akauliza, Bibie anajua? Nikasema ni zawadi. Akautazama mguu wangu, akatazama vigae, akarudi kwenye cherehani yake.

Kesho napiga uzi na kupanga vikavu. Keshokutwa gundi.

Jumapili, 13 Aprili

Naandika nimekaa sakafuni, pembe ya mbali ya sebule, mgongo ukutani. Penseli ni ile ya mistari. Sina pa kwenda kwa sasa.

Nilianza alfajiri. Sijui nieleze vipi ilivyokwenda vizuri. Kigae cha kwanza mlangoni — nikakibonyeza, nikakitikisa kidogo, nikagonga kwa nyundo ya mpira. Ko. Kizito. Nikasema eh! Bado nimo. Cha pili. Cha tatu. Gunia linateleza, mguu mbaya unafuata kama mkia. Nilipofika katikati ya chumba jua liliingia dirishani likalala juu yake, rangi ile ya maziwa na chai, na mstari umenyooka kama umechorwa na mashine. Nikaimba. Nikiinua kidole hakuna anayeleta, kwa hiyo nilijiletea mwenyewe, ndoo ya gundi naiburuta kando yangu, vigae navivuta juu ya gunia la pili. Polepole. Mchana ukapita bila kula.

Kila kimoja nimekigonga. Kila kimoja! Nimevikandamiza kwa mikono miwili, kwa kifua, na kwa kiwiko pale mkono ulipochoka. Hakuna hata kimoja kinacholia kitupu.

Cha mwisho kiliingia hapa pembeni. Nikaweka mwiko chini, nikafuta mikono, nikamwazia Bibie akifungua mlango. Nilitaka nikoge, nivae shati safi, nikae kibarazani kama sijui lolote.

Nikaegemea ukuta niinuke. Goti likafunga.

Si kama ngazini. Limefunga limejikunja nusu, limekuwa la jiwe. Nimelisugua. Nimelitikisa kama alivyonifundisha Afande. Nimelitukana. Kile kipande kimekaa pale, hakitoki. Nikijaribu kuunyoosha mguu naona nyota.

Na ndipo nikaitazama njia yangu. Safu moja kando ya ukuta, kutoka hapa nilipo mpaka mlangoni. Upana wa kigae kimoja. Safi, imenyooka. Mtu anainuka, anaweka mguu mbele ya mguu, anatoka na ndoo zake mikononi. Nimepita kwenye njia kama hii maisha yangu yote. Mkono ukaiacha wenyewe, upana ule ule, na kichwa hakikuuliza. Leo hii mwenye kupita ni mtu wa kujiburuta kwa makalio, goti limepinda kando kama bawa lililovunjika. Haitoshi. Nimejipima. Ubavu mmoja lazima ulalie vigae, na gundi ingali mbichi.

Nimemwachia njia yule fundi wa zamani. Huyu wa leo sikumfikiria hata kidogo.

Gongo lipo mlangoni. Nililiegemeza pale asubuhi kwa madaha, nikaliambia leo upumzike. Simu ipo chumbani inachajiwa, nasikia ikiita. Mshonaji hafungui Jumapili. Nina kiu. Na haja nyingine pia, ambayo siiandiki.

Fundi yeyote angeniambia la kufanya. Ng'oa safu ya pili. Ingiza mwiko chini, nyanyua, weka kando. Upana unakuwa mara mbili, unajiburuta unatoka, mtu mwingine aje aibandike. Gundi haijashika bado. Ikipita jioni hii, kung'oa kutakuwa kuvunja.

Nimeingiza ncha ya mwiko chini ya kigae kilicho karibu nami. Kikanyanyuka kidogo, kikatoa ule mlio wa kunyonya. Nikakirudisha chini. Nikakigonga. Ko.

Siwezi. Mkono umekataa. Nikikinyanyua hiki nitanyanyua na kinachofuata, mpaka mlangoni. Safu hiyo sitaibandika mimi tena. Ataibandika mdogo wangu na mwenzake wa muda. Na kila nikikaa sebuleni nitajua imeanzia wapi. Ni safu moja tu, najua. Nalia kwa ajili ya safu moja ya vigae, mtu aliyepata mjukuu juzi. Sioni aibu. Natamani ningemaliza kazi moja, moja tu, mwanzo mpaka mwisho, niiage nikiwa nimesimama.

Jua limetoka sakafuni, limepanda ukutani.

Geti.

Ni yeye. Nimeijua miguu yake.

Amesimama mlangoni na begi. Anaitazama sakafu, kutoka kwenye kizingiti kuja kwangu, safu moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayesoma. Nikamwambia karibu nyumbani. Nikamwambia usikanyage. Ameziba mdomo kwa mkono.

Halafu akasema ni nzuri. Akasema tena, "Ni nzuri sana, Fundi." Machozi yanamtoka na hayafuti.

"Haya, toka tule, nimekuletea picha za mtoto."

Nikasema ngoja kidogo.

"Limefunga?"

Hilo neno sikumwambia mimi. Ni mdogo wangu, aliyeniona ngazini, siku ile getini. Kumbe amekwenda na kurudi nalo! Nikasema ndiyo, limefunga, tangu mchana. Nikamweleza njia haitoshi. Nikamweleza mpaka kesho asubuhi gundi itakuwa imeshika, nitalala hapa hapa, anirushie mto na chupa ya maji, wala si jambo. Nilieleza vizuri, kitaalamu. Akasikiliza mpaka mwisho.

Akaweka begi chini. Akavua viatu. Akakunja gauni lake, akaja kwenye njia yangu, mguu mbele ya mguu, mkono mmoja ukutani. Inamtosha sawasawa. Hakugusa kigae hata kimoja.

Sasa amesimama mbele yangu. Ameliangalia goti, hakulitania. Anasema peke yake anaweza kutoka, lakini hakuja hapa kutoka peke yake, na watu wawili wakishikana hawapiti kwenye njia ya mtu mmoja. Anauliza kama safu ya pili bado inanyanyuka.

Naandika.

Ameinama, ameweka kiganja juu ya kigae cha pembeni, kile nilichokinyanyua nikakirudisha. Anakipapasa. Anasema kina ubaridi. Anasema magoti ya mtoto yatakipenda.

Amenyoosha mkono. "Acha kuandika, baba. Nipe mwiko."

Mwiko ninao, mkono wa kushoto. Mkono wake bado umenyooka.